Mama Upepo na Marubani Wawili Wasiosalimiana

Kiwanja kile cha ndege hakikuwa na mnara. Kilikuwa na njia moja ya lami iliyochoka, soksi ya upepo yenye mistari myekundu, mzani wa kupimia mizigo, choo kisichofungika, na chumba cha mabati alimokaa mwanamke mmoja na redio yake. Marubani walimwita Mama Upepo, kwa sababu kutwa kucha kazi yake ilikuwa kuwaambia upepo unatoka wapi. Hakuwa mama wa mtu. Mumewe alifariki kabla hawajajaliwa mtoto, na jina lile lilimkera, lakini nani alimuuliza?

Kwenye redio aliruhusiwa kusema mambo mawili tu: upepo ukoje, na njia iko wazi au haiko wazi. Ng'ombe wakiingia aliwafukuza, jiwe likionekana aliliokota. Kumwambia rubani tua au usitue, hapana. Hiyo ni kazi ya watu wa mnara. Mahali pasipo mnara marubani huambiana wenyewe: mimi niko hapa, naja kutokea upande huu, natua, napaa. Kila mmoja anasema, na kila mmoja anasikiliza. Kiwanja cha namna hiyo kinaendeshwa kwa mdomo.

Na pale walikuwepo wawili waliokuwa wamenyimana midomo.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu, mzee wa miaka sitini na kitu, masharubu meupe, shati limepigwa pasi hadi linakwaruza. Nusu ya marubani wa eneo lile walifundishwa naye. Wa pili alikuwa Mwewe, naye alikuwa mdogo wake Mama Upepo, tumbo moja. Baba yao alipokufa Mwewe alikuwa na miaka tisa, na dada ndiye aliyeacha shule akaenda kufua mashuka ya hospitali ili mdogo asome. Siku Mwewe aliporusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza, mama yao alilia kwa furaha mbele za watu. Akamshukuru Mungu, akamshukuru Mwalimu, akawashukuru majirani. Binti yake hakumtaja. Mama Upepo aliliweka hilo moyoni, kama alivyoweka mengine mengi.

Ugomvi ulianzia kwenye saini. Mwewe alitaka kupanda daraja, aendeshe ndege ya injini mbili. Mwalimu akakataa kumtilia saini.

"Mikono yako iko tayari," alimwambia. "Kichwa bado."

Mwewe akaenda mbali, akapata mwalimu mwingine, akafaulu, akarudi na ndege ya injini mbili, kubwa kuliko ya Mwalimu. Siku ya kwanza anakuja kutua, akiwa juu kidogo kuliko inavyotakiwa, sauti ya Mwalimu ikasikika redioni, watu wote wanasikia: "Kijana, unatua hapa au unahamia mwezini?"

Wapakia mizigo walicheka wiki nzima. Wakaanza kumuuliza habari za mwezini. Mwewe alimjibu Mwalimu palepale redioni kwa neno ambalo mtu mzima halirudii, na tangu siku hiyo salamu ikafa. Wakikutana mlangoni, mmoja anageuka kutazama ukuta. Kiti alichokalia huyu, yule hakikalii.

Hayo ya ardhini yangevumilika. Balaa lilikuwa la angani. Mwewe alijizoesha kupunguza sauti ya redio kila alipojua Mwalimu yuko karibu, asisikie hata kikohozi chake. Mwalimu naye, akijua aliyeko angani ni Mwewe peke yake, alikuwa hatangazi kitu. Mpakia mizigo mmoja alipomuuliza, alisema, "Habari zangu siwezi kumpa mtu asiyenipa salamu."

Mama Upepo aliyajua yote. Kila siku jioni alitakiwa kuandika katika kitabu cha kiwanja mambo yaliyotokea, na kila siku aliandika neno moja: *Salama*. Miezi saba, salama. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na yeye methali hiyo aliijua vizuri. Aliwahi kuitumia kwa watu wengine. Lakini angeandika nini? Kwamba mdogo wake anaziba masikio? Na kusema kweli, Mwalimu hakumpenda hata kidogo. Mzee yule alikuwa na tabia ya kupitisha kidole juu ya meza yake, kukitazama kama kina vumbi, kisha kuondoka bila kusema neno. Mwewe akimdharau, dada mtu alikuwa akiona raha ya siri.

Ikaja Alhamisi moja, saa moja asubuhi. Jua lilikuwa bado chini, linapiga macho. Upepo ulikuwa mdogo, unatoka huko huko kwenye jua. Ndege hupaa na kutua zikiukabili upepo, kwa hiyo asubuhi ile kila ndege ilipaswa kuelekea mashariki.

Redio ikakoroma. Mwewe.

"Dada, upepo?"

"Wa mashariki. Kidogo tu. Njia iko wazi."

"Haya."

Basi. Hakusema yuko wapi, hakusema atatokea upande gani. Mama Upepo akachukulia kwamba atazunguka aje kutokea magharibi, kama inavyotakiwa. Hakumuuliza. Hilo la kutomuuliza lilikuja kumsumbua baadaye kuliko mengine yote.

Dakika chache zikapita. Akasikia injini ya Mwalimu ikinguruma mwisho wa njia, upande wa magharibi. Ndani mlikuwa na abiria sita. Mwalimu naye hakutangaza. Alijua angani yuko Mwewe tu, akafunga mdomo, akaachia breki.

Mama Upepo akatoka mlangoni na redio ya mkono, kwa mazoea tu, kutazama ndege ikipaa. Akakinga macho. Ndipo akaona, katikati ya mwanga wa jua, kitu cheusi kimetulia angani. Hakikwenda kushoto wala kulia. Kilikuwa kinakua tu.

Mwewe hakuzunguka. Alikuwa ameona upepo ni mdogo, akaamua kukata njia na kutua moja kwa moja kutokea mashariki, jua likiwa mgongoni kwake. Na Mwalimu alikuwa ameshainua magurudumu, analikabili jua hilo hilo, haoni kitu.

"Mwewe! Mwewe, ondoka!" Kimya. Alikuwa ameshapunguza sauti.

Akabaki na yule mwingine. Mtu aliyempitishia kidole mezani. Mtu ambaye yeye hakuwa na ruhusa ya kumwamrisha.

"Mwalimu, kata kulia! Kulia! Kulia sasa hivi, kuna ndege usoni kwako!"

Kwa muda wa pumzi moja hakikutokea kitu. Kisha bawa la kulia la ndege ya Mwalimu likalala, ndege ikapinda ikiwa chini mno, ikapita juu ya ghala la mizigo hadi mabati yakatetemeka. Ile ya injini mbili ikapita pale pale ilipokuwa nyingine. Mama Upepo aliona matumbo ya ndege zote mbili kwa wakati mmoja. Maishani mwake hakuwahi kuona kitu kama hicho, akakaa chini kwenye vumbi na redio mkononi, mdomo ungali unasema kulia, kulia, bila sauti.

Ndege ya Mwewe ilitua kwa kasi, ikasukumwa na upepo wa nyuma, ikasimama mwisho kabisa wa lami, tairi linafuka moshi. Abiria wake alikuwa mmoja, muuguzi aliyekuwa amekaa kiti cha mbele. Alishuka, akatembea hatua kumi, akatapika. Mwewe akashuka anacheka kicheko kikavu.

"Mmemwona huyo mzee? Amepaa bila kusema! Mmemwona?"

Mwalimu alizunguka, akatua, akazima injini. Akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni, akaja moja kwa moja, na bila neno akampiga Mwewe kofi lililosikika mpaka kwenye mzani. Mwewe akamkamata shati lile la pasi kifuani, vifungo vikaruka. Wapakia mizigo wakawa wanatazamana nani aingilie. Aliyeingilia alikuwa abiria mmoja wa Mwalimu, mama mnene, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Mnagombania nini?" aliwauliza, huku akiwapiga wote wawili na kile kiatu bila ubaguzi. "Nani ameshindwa kutuua, ndicho mnachogombania? Mtapata nafasi nyingine, msijali! Mimi narudi nyumbani kwa miguu!"

Na kweli alikwenda kwa miguu, mzigo wake akauacha.

Mchana ule Mwewe aliingia katika chumba cha mabati, akafunga mlango. Shavu lilikuwa limevimba.

"Dada, watakuja kuuliza."

"Watakuja."

"Hakuna mashine inayonasa sauti hapa. Ushahidi ni wewe tu. Sema nilitangaza. Sema nilisema natokea mashariki, yule mzee akapaa kwa kiburi chake."

"Hukutangaza."

"Najua sikutangaza! Nakwambia useme."

"Nilikuita, Mwewe. Nilikuita mara mbili. Ulikuwa umezima masikio."

"Kwa hiyo unamtetea yeye?"

"Simtetei mtu. Mngekufa. Watu tisa mngekufa mbele ya mlango wangu, na mimi ndiye ningewaokota."

Mwewe akamsogelea. Alikuwa mrefu, na dada mtu alikaa kwenye kiti. "Unajua shida yako? Hukwenda shule, basi unataka na mimi nirudi chini tulingane. Tangu siku ya kwanza nilipopaa ulikuwa na kijicho. Mama ameshasema."

Mama Upepo angeweza kumjibu mengi. Angeweza kumwambia habari za mashuka ya hospitali, za maji ya dawa yaliyomla vidole. Alichosema ni: "Toka ofisini kwangu."

"Ofisi!" Mwewe alisonya. "Kibanda cha kuku."

Nyumbani mambo yalikuwa yameshatangulia. Yeye na mama yake waliishi vyumba viwili, jiko barazani. Alimkuta mama ameketi kwenye kigoda, mwiko haushiki, chai hakuweka. Mke wa Mwewe alikuwa ameshafika na kuondoka.

"Wifi yako amelia hapa mpaka nimeogopa," mama akasema. "Eti unataka kumfunga mdogo wako."

"Hakuna aliyesema kufungwa, mama. Watauliza kilichotokea, nitasema."

"Kilichotokea! Mtu amekufa?"

"Hakuna."

"Basi hakuna kilichotokea. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wewe unachukua kalamu."

"Mama, mimi nilikuwepo. Niliona."

"Na mimi nilikuwepo siku nilipomzaa." Mama akainuka kwa shida. "Nina mtoto mmoja tu aliyenitoa aibu. Mmoja. Ukimwangusha, usiniite mama."

Siku nne zilizofuata Mama Upepo aliishi kama mtu aliyeingia nyumba ya adui zake. Ugali aliupika akaula peke yake. Kazini, wapakia mizigo waliokuwa wa Mwewe hawakumsalimu, na waliokuwa wa Mwalimu walimsalimu kwa kumsanifu: "Shikamoo shahidi." Mwalimu mwenyewe alikuja mara moja tu, akasimama dirishani, vifungo vya shati vimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Mama, sitakuomba kitu," alisema. "Wewe ni damu yake. Najua utakachoandika."

"Wajua?"

"Na kingine. Sikukata kulia kwa sababu yako. Nilimwona kwa macho yangu."

"Ulimwona wapi, na jua lilikuwa usoni?"

"Nilimwona," Mwalimu akarudia, akaondoka. Hata ahsante hakutoa. Mama Upepo alimtukana kimoyomoyo mpaka alipopotea machoni. Kama angekuwa na njia ya kusema uongo utakaomwumiza yule mzee peke yake, pengine siku ile angeusema.

Jumatatu alikuja mkaguzi, mtu mfupi, mpole, mwenye kikohozi. Alipima kwa hatua zake mwenyewe, akaongea na muuguzi, akapanda juu ya ghala kutazama mabati. Kisha akaingia chumbani, akakaa mbele ya Mama Upepo, akafungua kile kitabu cha kiwanja. Akafunua kurasa polepole. Salama. Salama. Salama.

"Nieleze ya Alhamisi," akasema.

Akamweleza. Nani alisema nini, nani hakusema, jua lilikuwa wapi. Hakumwongezea Mwalimu wala hakumpunguzia Mwewe. Mkaguzi aliandika bila kuinua kichwa, kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya upole:

"Hawa kutosemezana kwenye redio, kulianza lini?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Angeweza kusema, "Ni siku hiyo tu." Nani angembishia? Marubani wenyewe wasingethubutu. Alikitazama kitabu chake, mwandiko wake mzuri alioringia tangu darasa la sita, darasa la mwisho aliloliona.

"Miezi saba."

Kalamu ikasimama. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Kwa nini?"

"Mmoja ni mdogo wangu," akasema. "Na yule mwingine nilikuwa namchukia."

Mkaguzi akakohoa kwa muda mrefu. "Unaelewa kwamba hilo nitaliandika pia."

"Andika."

Majibu yalitoka baada ya wiki sita. Mwewe alinyang'anywa leseni kwa mwaka mmoja, na kuirudisha mpaka afanye mtihani upya. Mwalimu alinyang'anywa yake miezi sita. Mama Upepo alipata barua ya onyo, akaondolewa redioni miezi mitatu na kupewa panga akafyeke majani kandokando ya lami. Alifyeka. Ndege zikipita, vumbi lote lake.

Mji haukujali barua yake ya onyo. Mji ulijali kwamba dada amemuuza mdogo wake. Sokoni mwanamke mmoja asiyemjua alimhudumia mwisho kabisa, baada ya watu waliomkuta, kisha akamwambia, "Wewe si ndiye yule?" Mama yake alihamia kwa Mwewe siku ile ile majibu yalipotoka. Alichukuliwa na wifi, nguo zake kwenye beseni, akapita mbele ya binti yake kama anayepita mbele ya mlango wa duka lililofungwa.

Kila Jumapili Mama Upepo alikwenda kumsalimu. Kila Jumapili wifi alimwambia, kutoka ndani, "Mama amelala." Jumapili moja alimsikia mama mwenyewe akisema, "Mwambie nimelala." Alirudi nyumbani amekasirika, lakini njiani akajikuta anacheka peke yake, mpaka mpita njia akamkwepa.

Mtu mmoja tu alimtafuta kwa wema. Yule muuguzi alikuja siku anafyeka majani, akasimama pembeni, akasema, "Mimi nina watoto watatu." Hakusema lingine. Akamsaidia kukusanya majani mpaka gari lake lilipofika.

Mwaka ukaisha. Mama Upepo alikuwa amesharudishwa chumbani, na sasa ukutani palikuwa na mashine ndogo inayonasa kila neno linalosemwa. Asubuhi moja yenye upepo mkali Mwalimu alikuwa angani, anakaribia kutua, ametangaza kila hatua kwa sauti kavu. Redio ikakoroma tena, ikaja sauti aliyoitambua kabla haijamaliza neno la kwanza.

Mwewe alitaja jina la ndege yake. Akataja yuko wapi, urefu gani, ana abiria wangapi, anatokea upande gani, atazunguka wapi. Alitaja yote, moja moja, kama mtu anayetupa mawe kwenye bati. Mwisho akauliza, "Kiwanja, upepo?" Hakusema dada.

"Wa kusini, mkali, unabadilika," Mama Upepo akajibu. "Njia iko wazi. Mmoja yuko mbele yako."

Kimya. Kisha Mwalimu akasema, "Nimekusikia, uliye nyuma. Natua wa kwanza."

"Nimekusikia," Mwewe akajibu, kwa chuki tupu. "Nakusubiri."

Alisubiri. Alizunguka mara moja, mara mbili, mpaka Mwalimu akatoka kwenye lami, ndipo naye akatua, vizuri sana, magurudumu yakagusa kama mtu anayeweka kikombe. Akafungua mlango, akawashusha abiria wake kwa mkono, akawatakia safari njema. Kisha akachukua mkoba wake akapita mbele ya dirisha la dada yake, shingo imenyooka, hakugeuka.

Mama Upepo hakumwita. Aliwahesabu abiria mmoja mmoja wakipita mlangoni. Walikuwa tisa. Mmoja wao, kijana wa kike aliyebeba gunia lililomshinda, akamuuliza choo kiko wapi.

"Nyuma ya ghala," akamwambia. "Shika mlango kwa mkono, haufungiki."